Bakora ya Mbele

Chama chetu cha kutembea kilizaliwa kwenye benchi la kliniki ya sukari, na nadhani ndiyo maana hakijawahi kuwa na majivuno. Vyama vingine vya matembezi, nasikia, vilianzishwa na watu waliopenda milima. Chetu kilianzishwa na watu waliopenda mahamri.

Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa habari za siku ile mara nyingi kiasi kwamba naweza kuapa nilikuwepo. Muuguzi wa kliniki, mwanamke wa Kigiriama kutoka upande wa Marafa, alikuwa amechoka kuwaambia wagonjwa watembee. Kila mwezi walikuja, wakaapa kwamba wanatembea sana, wakachomwa kidole, na damu yao ikawaumbua. Asubuhi moja akafunga chumba cha vipimo, akatia funguo mfukoni, akasema, "Leo dawa iko nje. Inukeni."

Wakainuka. Mabuibui, kanzu, vikoi, na mzee mmoja mwenye bakora, wakapita barabara ya sokoni hapa Malindi kuelekea ufukweni kwa mwendo wa watu wasiotaka kufika. Wenye maduka wakarudisha milango nusu kwa heshima. Wanaume wawili watatu wakajiunga nyuma kutafuta thawabu, na mmoja akanong'ona kuuliza jeneza limetangulia au bado liko nyumbani. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kila mmoja alihisi swali lile linamhusu yeye binafsi.

Desturi yetu kubwa ilitokea kwenye matembezi ya pili. Walikwenda pwani wenye nguvu wakiwa mbele na wazito wakiwa nyuma, kama watu wote duniani wanavyotembea. Walipofika walikokusudia na kugeuka, yule mzee mwenye bakora hakuwepo. Walimkuta mbali, ameketi kwenye mchanga mbichi, jasho likimtiririka, ulimi mzito, hajui jina la mtaa wake. Sukari ilikuwa imemshuka. Muuguzi alimtia kipande cha halua kinywani, akamshika kichwa mpaka macho yakarudi, kisha akasimama na kuwapasha wengine wote maneno ambayo watu wazima wa mji huu hawajazoea kuambiwa. Tangu siku ile akaamuru: aliye mzito kuliko wote ndiye atakayetangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita.

Mzee akawekwa mbele na bakora yake. Alipofariki, miaka baadaye na kwa jambo lingine kabisa, wanawe waliileta bakora wakasema ni ya chama. Ni mti mweusi wa kawaida, umekunjwa kichwani, mshikio umelainika kwa viganja. Desturi ikajijenga yenyewe. Mwenye bakora hutangulia. Akiona kuna mwenziwe aliye mzito kuliko yeye, humgeukia na kumpa, bila neno. Hakuna kura, hakuna kujadiliana, na hakuna kukataa. Unaipokea kwa mkono wa kulia, kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa majibu ya vipimo. Wengi waliowahi kuishika waliiachia kitandani, na kwa hivyo wenye ndimi ndefu miongoni mwetu waliiita tikiti ya ahera.

Halua nayo ikawa desturi. Ilianza kama dawa kwenye mkoba wa muuguzi, kwa ajili ya atakayeshukiwa na sukari. Baadaye ikawa kila mtu anapewa kipande mwisho wa matembezi, kikubwa kama ukucha, eti kwa tahadhari. Kutembea saa nzima kupunguza sukari kisha kuirudisha kwa halua ni jambo ambalo daktari yeyote angelipigia kelele. Hatukuwahi kumwuliza yeyote.

Mimi nilijiunga nilipoambiwa kuwa sukari yangu imefika mlangoni na inabisha hodi. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kufundisha chuo kikuu, nikiwa na shahada mbili, tumbo moja, na tabia ya kuandika makala ambazo mke wangu huziita barua za malalamiko. Asubuhi ya kwanza nilikuta bakora iko mikononi mwa mtu ninayemjua: mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama toka juu hadi chini, kama alivyokuwa akiitazama kazi yangu ya nyumbani. "Umenenepa, msomi. Huko chuo kikuu mlikuwa mkila nini, vitabu?"

"Nimekuja kupunguza, Mwalimu."

"Kupunguza hujui. Nakumbuka. Na kugawanya pia ilikuwa taabu."

Wenzangu wote walicheka, na nikajua nimeshasajiliwa.

Mwalimu hakuwa mtu mpole, na sitaki kumfanya awe mpole kwa sababu namwandika kwa majuto. Alikuwa mbishi. Alibishana na wauza madafu juu ya bei, na waadhini juu ya dakika. Alijipenda, kofia yake ilikuwa imenyooshwa kwa wanga mpaka ikasimama kama imetolewa dukani asubuhi ile. Na kila mara halua ilipopitishwa alichukua vipande viwili, akala kimoja waziwazi na cha pili kwa kugeukia bahari, kana kwamba bahari ndiyo iliyomwita. Sote tulimwona. Muuguzi alimwona. Ilikuwa desturi ya tatu ya chama, kutomwona.

Nyonga yake ilikuwa imeharibika, ndiyo maana alikuwa na bakora. Lakini aliishika kama kiongozi wa gwaride. Sisi nyuma tulitembea kwa hatua zake, tukasimama aliposimama, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumpita, mazungumzo ya chama kizima yalifanywa nyuma ya mgongo wake, mengine kwa maana zote mbili. Hakugeuka. Mtu wa mbele hana haja ya kugeuka, hakuna atakayeachwa. Ndiyo faida ya mpangilio wetu, na ilichukua miaka mingi nione pia hasara yake.

Kila mwaka, kaskazi inapotulia na kabla ya mvua za masika, tulikuwa na safari yetu kubwa: kutoka Mambrui hadi Ngomeni kwa miguu, ufukweni. Ilifanywa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na kuacha mchanga mgumu kama sakafu. Unatoka asubuhi maji yakianza kuondoka, na inakupasa uwe umefika kabla hayajarudi, kwa sababu yakirudi hukusukuma kwenye mchanga laini wa juu, na mchanga laini kwa mtu wa sukari na presha ni adhabu. Pwani ile mchanga wake una chembe zinazong'aa, na ukivuka sehemu hiyo unakuta vilima vya mchanga, kisha mstari mrefu wa miti ya mivinje, kisha ufuko mtupu, na mwisho kabisa Ngomeni, na mbele yake baharini vyuma vikubwa vilivyosimama kwa miguu, ambavyo zamani Waitalia walivitumia kurushia maroketi.

Safari ile ilikuwa ya Mwalimu zaidi ya mtu mwingine yeyote. Shule yake ya kwanza kufundisha ilikuwa Ngomeni. Alifika kule kijana, kwa miguu, kwa njia hiyo hiyo ya ufukweni, viatu mkononi na sanduku kichwani, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Kila mwisho wa mwezi alirudi hivyo hivyo kuwaona wazazi. Alikuwa na hadithi moja kuhusu roketi, kwamba siku moja alilitoa darasa zima nje kuona ikirushwa, akawaamuru wahesabu toka moto unapoonekana hadi mshindo unapofika, wapate umbali. Watoto wakakimbia. Mmoja tu ndiye aliyebaki akihesabu, msichana, akiwa amejifunika uso kwa daftari.

Msichana huyo sasa ni bibi mwenye wajukuu, na ndiye aliyekuwa akitupikia. Tulipofika Ngomeni kila mwaka tulikuta mkeka umetandikwa, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na maji ya kunawa. Alimpokea Mwalimu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mwalimu wangu. Umechelewa." Naye angejibu kwamba hajachelewa, saa yake ndiyo mbovu. Walibishana hivyo kila mwaka kwa furaha ambayo mimi sijaiona kwenye ndoa nyingi.

Kisha nyonga ikazidi. Mwaka mmoja maji yalitukuta kwenye ufuko mtupu, Ngomeni iko mbele tunaiona, tukalazimika kupanda juu na kuita gari. Mwaka uliofuata tuliishia mwisho wa mivinje. Uliofuata tena tuliishia mwanzo wa mivinje. Safari yetu kubwa ilikuwa ikifupika kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, na kwa sababu ya bakora hakuna aliyeweza kulisema hilo, maana sote tulikuwa nyuma yake. Chakula kililetwa kwa pikipiki kwenye masufuria yaliyofungwa kwa kanga. Mwalimu alikula kidogo. "Samaki aliyepanda pikipiki," alisema, "si samaki yule."

Kila mara alisema mwaka ujao tutafika. Hakusema kwa unyonge, alisema kama mtu anayetoa zoezi la nyumbani. Alitaka jambo moja tu, aingie Ngomeni kwa miguu mara moja zaidi, akiwa mbele, na chama nyuma yake, amkute mwanafunzi wake amesimama mlangoni na jibu la kumpa tayari.

Wakati huo chama kilikuwa kimebadilika. Muuguzi alikuwa amestaafu na kurudi shambani kwake Marafa, ambako magoti yake mwenyewe yalimkatalia matembezi. Mkoba wa halua niliachiwa mimi. Wageni waliingia, watu wa maofisi, ambao hawakuwa na sukari bali waliiogopa. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa benki, wa makamo kiasi, ambaye tulimwita kijana kwa sababu alikuwa na meno yake yote. Alivaa saa inayohesabu hatua na kumsifu. Ilikuwa ikimtetemekea mkononi, naye akiitazama na kutabasamu, nami nilimwonea wivu. Hakuna kitu nyumbani kwangu kinachonisifu.

Ni yeye aliyelisema tulipokuwa tukinywa kahawa baada ya matembezi, akidhani Mwalimu amekwenda kusali.

"Mimi namheshimu Mwalimu kama baba yangu," alisema. "Lakini hata baba yangu nampita nikiwa na haraka."

"Hapa hapitwi mtu," nikasema.

"Najua. Lakini nina mwaka wa tatu katika chama hiki, na hiyo Ngomeni nimeisikia tu kama pepo. Ipo kweli?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ilikuwa kauli nzuri na mimi hupenda kauli nzuri hata zinapoumiza. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, anavaa viatu. Alimaliza kuvaa, akaja, akachukua kikombe chake.

"Ipo," alisema. "Iko mbele kidogo."

Mwaka ule bamvua ilipofika tulikutana Mambrui asubuhi, karibu na kaburi la kale lenye mnara, kama kawaida. Watu walikuwa wakikunja suruali na kupaka mafuta kwenye magoti. Mwalimu alinijia mimi na kunipa bakora.

Nilidhani ananishikisha anyooshe kofia. Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Akaniondolea, akanipa tena kwenye wa kulia.

"Goti lako hilo," akasema.

"Goti langu lina nini?"

"Nimefundisha pembe maisha yangu yote. Hilo halikunjiki inavyopasa."

Desturi ni kutoa bila neno, na yeye alisema maneno. Hapo ningelikuwa na akili ningelijua kuna jambo. Lakini nilichokisikia ni kwamba mbele ya chama kizima, mbele ya kijana wa benki na saa yake, nimetangazwa mzito kuliko mzee mwenye nyonga mbovu. Damu ilinipanda. Nikasema "Ahsante" kwa sauti ya mtu anayesema jambo jingine, nikageuka, nikaanza kutembea.

Nilitembea vizuri. Nataka niwe mkweli, sijawahi kutembea vizuri hivyo. Mchanga ulikuwa mgumu na baridi, upepo mgongoni, na mimi nilikuwa nikimthibitishia mtu mmoja kwamba goti langu ni zima. Nyuma yangu nilisikia watu wakifurahi. Baada ya miaka ya kujizuia, miguu yao ilikuwa imefunguliwa. Tulivuka mchanga unaong'aa. Tulivuka vilima. Kwenye mivinje nilisikia ile saa ikitetema, na mwenyewe akisema, "Leo inanisifu mpaka naona haya." Tulitokea kwenye ufuko mtupu maji yakiwa bado mbali, na Ngomeni ikawa inakuja badala ya kukaa pale pale.

Sikugeuka hata mara moja. Mwenye bakora hageuki. Walio nyuma yangu nao hawakugeuka, kwa sababu katika chama chetu jicho huangalia mbele, kwenye bakora. Huko ndiko aliko anayehitaji kuangaliwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tumejifunza kutoangalia nyuma, na tulikuwa tumejifunza vizuri sana. Kwa nini desturi ile iliwekwa, mzee aliyekaa kwenye mchanga mbichi asijue mtaa wake, hilo tulikuwa tukilisimulia kama kichekesho.

Mpishi wetu alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, kanga mpya, mkono juu ya macho kuzuia jua. Tuliingia kwa kelele na vigelegele. Watu walikuwa wakipigana picha na vile vyuma vya baharini. Yeye hakutusalimu. Alipitisha macho juu ya bega langu, akamwangalia kila mmoja anayekuja, mpaka wa mwisho.

"Mwalimu wangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma," nikasema.

"Nyuma wapi?"

Nikageuka. Ufuko ulikuwa mtupu mpaka kwenye mivinje. Kijana wa benki naye aligeuka, na uso wake ukashuka kama pazia.

"Alikuwa nyuma yangu," mmoja akasema. "Mimi nilimwona kwenye vilima." "Mimi nilidhani yuko na nyinyi." Kila mtu alikuwa amemwona, na kila mtu alimwona mapema kidogo kuliko mwenzake.

Ndipo nilipokumbuka halua. Ilikuwa begani mwangu, kwenye mkoba, Ngomeni. Mtu wa sukari yuko peke yake huko nyuma, maji yanakaribia kugeuka, na dawa yake nimeibeba mimi nikienda nayo mbio kuonyesha goti.

"Nani amekupa bakora?" yule mama aliniuliza, akiiona mkononi mwangu. Alizijua desturi zetu kuliko wageni wetu.

"Ni yeye aliyenipa."

"Akakupa, ukaichukua?" Aliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu. Akaingia ndani akafunika masufuria.

Kijana wa benki hakungoja. Alivua saa, akaitia mfukoni, akakimbia kurudi kwa njia ya ufukweni, na ninamhesabia hilo mpaka leo. Mimi nilipanda pikipiki kwa njia ya barabara, bakora nimeipakata kama mtoto, nikimwomba Mungu vitu vingi kwa mpigo mmoja. Nilipofika Mambrui nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye benchi la duka, katikati ya vijana wa bodaboda, anabishana juu ya mpira. Mbele yake kulikuwa na chupa ya soda, tupu.

"Mmefika?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa kuitikia.

"Alhamdulillahi. Nilianza kuona mkono unatetemeka, nikanywa soda. Soda nzima. Usimwambie muuguzi."

"Mwalimu, kwa nini hukuita?"

"Kandambili iliingia mchanga. Nikasimama niukung'ute. Nilipoinua uso nikaiona migongo yenu." Akaizungusha ile chupa. "Unajua, miaka yote hii sijawahi kuiona migongo yenu? Mlikuwa mnakwenda vizuri. Wewe ulikuwa unakwenda vizuri. Nikakaa chini ya mvinje nikawatazama mpaka mkawa kama nukta kwenye ubao. Ningeita, mngesimama."

Sikuiamini ile hadithi ya mchanga. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba alipanga yote, kwamba alitoa bakora ili chama kifike na yeye abaki, kwa sababu alikuwa amesikia yale maneno nyuma ya nguzo. Nilikuwa hata nimeanza kuliandikia makala, yenye kichwa cha kifahari. Lakini mchanga ulikuwa wa kweli. Ulikuwa umemchubua kisigino, na yeye hakuhisi, kama miguu ya watu wa sukari isivyohisi, akatembea na chembe zile mpaka Mambrui. Mchubuko ukawa kidonda. Kidonda kikakaa miezi, kikafunguliwa na kufungwa. Muuguzi alishuka kutoka Marafa kuja kukitazama, akatutukana wote kwa zamu, mimi kwa muda mrefu zaidi. Mguu ulinusurika. Kutembea hakukunusurika. Sasa Mwalimu hutoka chumbani hadi barazani, akishika ukuta.

Ile makala sikuiandika.

Tulimwambia tutampeleka Ngomeni kwa gari. Kijana wa benki alijitolea kutoa gari lake na mafuta. Mwalimu alimshukuru. "Kwa gari nimeshakwenda mara nyingi," alisema. Nikamwambia basi gari litufikishe karibu, kwenye ufuko mtupu, tumshike huku na huku atembee kipande cha mwisho. Alilifikiria hilo siku kadhaa. Najua kwa sababu binti yake aliniambia alikuwa akipimapima hatua barazani. Kisha akasema hapana. Hakutoa sababu, na mimi, ambaye huulizia sababu ya kila kitu, sikuuliza.

Bakora nilimrudishia pia. Nilimpelekea nyumbani, nikaiegemeza ukutani.

"Hairudi nyuma," akasema. "Mpe aliye mzito kuliko wewe."

"Nimetazama, Mwalimu. Hayupo."

"Basi umejibu swali."

Kwa hivyo ninayo. Chama kinaendelea, kina watu wengi kuliko zamani, na tunafika Ngomeni kila mwaka maji yakiwa bado mbali. Mimi hutangulia nikihema, na wale wa nyuma hujizuia kwa adabu. Nasikia viatu vyao vikijizuia. Natembea nikigeukageuka kama mwizi. Kijana wa benki siku hizi hukaa mwisho kabisa kwa hiari yake, hajaambiwa na mtu, na saa haivai. Mchezo wa kuwatazama walio nyuma umekuwa desturi ya nne, na wageni wanadhani ilikuwepo tangu mwanzo.

Siku ya safari, nikirudi, hupitia kwa Mwalimu. Mwaka huu nilimkuta barazani, kofia imesimama vile vile, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu njiani kote. "Mivinjeni. Tumeishia mwanzo wa mivinje."

Akanitazama. Akageuza shingo akaitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. "Mmetoka maji yakianza kuondoka?"

"Ndiyo."

"Na sasa adhuhuri imeshaadhiniwa na kusaliwa. Muda wote huo, mivinjeni na kurudi?" Alikuwa na ile sauti ya darasani, ambayo hata leo hunifanya nitake kuficha daftari. "Mimi na nyonga yangu, na kisigino kinachubuka, nilitoka pale nikarudi Mambrui nikanywa soda, nyinyi bado hamjamaliza kunawa mikono. Kama unasema kweli, bakora nilikupa kwa haki."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kama unasema uongo..." Akanyoosha kikoi juu ya goti. Akakinyoosha tena. "Alikuwa amepika nini?"

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. "Changu wa kupaka."

"Nazi nzito?"

"Nzito."

"Alinitaja?"

"Alikuulizia kabla hajatusalimu."

Mtaani mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa maji, akasalimu, Mwalimu akaitikia kwa mkono. Nilifungua mkoba nikatoa halua, iliyolainika kwa jua, nikampa kipande chake. Akala. Kisha nikampa cha pili, kabla hajapata taabu ya kugeukia upande wa bahari.